Mgongo wa Mama Una Mwisho: Vinavyomfungia Ndani Mtoto Mwenye Mtindio wa Ubongo

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hazaliwi akiwa amefungiwa ndani. Miaka yake ya mwanzo huenda kila mahali aendako mama: sokoni, kliniki, shambani, msibani, kwenye kikoba. Amefungwa kwa kanga mgongoni sawa na watoto wengine, na wengi wanaopishana naye njiani hawatambui tofauti yoyote. Mambo hubadilika akikaribia miaka sita, saba. Uzito umefika kilo 15, unaelekea 20. Mwili unakakamaa, miguu inapishana, kichwa kinahitaji kushikiliwa. Mama aliyekuwa akimbeba bila kufikiri sasa anapiga hesabu kabla ya kila safari, na safari zinaanza kupunguzwa moja baada ya nyingine. Sokoni anaachwa. Msibani anaachwa. Ibadani anapelekwa siku za sikukuu tu. Wakati wenzake wa rika lake wanaanza kuvuka barabara peke yao na kujua majina ya watoto wa mtaa wa pili, yeye dunia yake inabaki chumba na ua.

Tumezoea kulieleza jambo hili kwa kuitazama miguu yake: hatembei, kwa hiyo hatoki. Maelezo hayo hayatoshi, maana hata akiwa na miaka mitatu hakuwa anatembea, na bado alikuwa anatoka. Kilichokuwa kinamtoa ni mgongo wa mama. Njia tusiyoitengeneza, choo tusichokijenga, gari lisilomchukua, msaidizi asiyekuwepo darasani, jirani asiyefundishwa kuongea naye, vyote hivyo mama alivibeba pamoja na mtoto. Mgongo ukichoka, upungufu wote unajitokeza kwa siku moja, na lawama anashushiwa mtoto.

Mtindio wa ubongo ni ulemavu wa mwendo na mkao unaotokana na ubongo kuumia ukiwa bado unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Kwetu visa vingi huanzia kwenye uzazi wenye matatizo na mtoto aliyechelewa kulia, umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa mapema, homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Jeraha lenyewe haliongezeki. Kinachoongezeka ni matokeo yake, na mengi kati ya hayo yanategemea mahali mtoto anapokulia. Katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, watafiti waliwachunguza watoto zaidi ya 31,000 na kukuta karibu watatu katika kila 1,000 wana hali hii. Jambo lililonishtua zaidi katika kazi ile ni kwamba idadi ilikuwa ndogo miongoni mwa watoto wakubwa kuliko wadogo. Ufuatiliaji wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba watoto hawa walikuwa wakifa kwa kiwango cha mara 25 hivi ya watoto wengine wa eneo lile. Kwa hiyo tunapozungumzia vizuizi vya mazingira tunazungumzia pia chakula kinachoingia njia ya hewa, homa iliyochelewa kufikishwa zahanati, na mtoto aliyeachwa ndani hadi akadhoofika.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipitisha mfumo mpya wa kueleza ulemavu, na humo mazingira yakapewa nafasi sawa na mwili. Mazingira hayo yamegawanywa mafungu matano: vifaa na teknolojia, ardhi na majengo, watu wanaomsaidia mtu, mitazamo, na huduma, mifumo na sera. Ushahidi wa kwamba mgawanyo huu unagusa maisha halisi ulikuja na utafiti wa SPARCLE huko Ulaya, uliowafuata watoto 818 wa miaka 8 hadi 12 wenye mtindio wa ubongo katika nchi saba. Watoto wenye ukali uleule wa ulemavu walishiriki michezo, shule na matembezi kwa viwango tofauti kulingana na wanakoishi, na wale wa Denmark waliwazidi wengine. Maumivu nayo yalipunguza ushiriki popote mtoto alipokuwa. Hata hivyo, watoto walioweza kujieleza walipoulizwa kuhusu furaha ya maisha yao, walijipima karibu sawa na watoto wasio na ulemavu. Mzazi yeyote aliyeambiwa kwamba mwanawe "anateseka tu" angestahili kuyasikia matokeo hayo.

Denmark ina lami na Mbagala, Dar es Salaam, ina mchanga, hilo tunalijua. Lakini tofauti kubwa imo kwenye vitu vidogo kuliko lami, na inafaa kumfuata mtoto kutoka mlangoni mwake.

Kizingiti kwanza. Nyumba nyingi za mijini huinuliwa kuzuia maji ya masika, na ngazi mbili tatu za saruji huonekana si kitu kwa anayetembea. Vipimo vya kawaida vya njia ya mteremko vinataka kila sentimita moja ya kimo ipewe sentimita 12 za urefu. Ngazi zenye kimo cha sentimita 50 zinadai mteremko wa mita sita. Uswahilini, ambako ukuta wa jirani uko mita mbili kutoka mlangoni, mita sita zinaishia sebuleni kwa mwenzio. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, vyenye baraza pande zote mbili, mteremko wa namna hiyo ungeziba njia nzima. Ndiyo maana nasema suluhisho la kizingiti haliwezi kuwa la familia moja. Ni la watu wanaopakana, na mara nyingi linakuwa ubao mpana unaotolewa asubuhi na kurudishwa ndani jioni, pamoja na mikono miwili ya kijana wa jirani anayejua saa ya kuja.

Baada ya kizingiti kuna mtaro usio na mfuniko, kisha mchanga, au tope, au mwinuko kama wa Kimara, Dar es Salaam. Hapa ndipo kiti mwendo kinapoleta matumaini makubwa na kuyavunja upesi. Viti vingi vinavyoletwa kwa hisani ni vya hospitali na vya watu wazima. Magurudumu madogo ya mbele huzama mchangani baada ya hatua chache. Mtoto asiyeweza kujishikilia huteleza, mgongo unapinda, na baada ya miezi michache kiti kimeshakuwa pa kuwekea nguo. Mtoto huyu anahitaji kiti kilichopimwa kwa mwili wake, chenye mshikio wa nyonga na kifua, pa kuegemezea kichwa na meza ndogo ya mbele, na kwa njia zetu kinafaa zaidi chenye magurudumu matatu, la mbele likiwa mbali na ya nyuma, ambacho hakizami wala kupinduka kirahisi. Ujuzi huo upo hapa hapa. Chuo cha TATCOT, kilichoko hospitali ya KCMC mjini Moshi, kimefundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo kutoka nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1980, na APDK nchini Kenya, shirika la kuwahudumia watu wenye ulemavu lililoanza mwaka 1958, lina karakana yake ya viti. Kinachopungua ni fedha ya kumlipa fundi ampime mtoto, ambadilishie kiti akikua, na atumie tairi ambayo fundi baiskeli wa mtaani anaweza kuiziba.

Kuna njia ya bei nafuu zaidi inayostahili kusemwa kwa sauti. Kutoka Zimbabwe ilienea teknolojia ya kutengeneza viti na meza kwa maboksi, karatasi kuukuu na gundi ya unga, ambavyo vikikauka na kupakwa varnishi huwa vigumu kama mbao. Kiti hicho hakitembei. Lakini mtoto akikaa wima na mikono ikawa huru, anaona mlango, anaona nani ameingia, anashika kijiko, na watu wanaanza kumsemesha, kwa sababu tumezoea kumsemesha mtu tunayetazamana naye. Aliyelazwa chali anatazama dari, na wageni humpita.

Wakati huohuo, tusidhani kila kiti kinamsogeza mtoto kwa wenzake. Nyumba nyingi za pwani bado zinakaa chini: mkekani kwenye chakula, mkekani madrasani, mkekani watoto wakicheza gololi au wakisimuliana hadithi. Pale chini mtoto anayetambaa au kujiburuza yuko kimo kimoja na wengine. Ukimpandisha kwenye kiti kirefu wakati wenzake wote wako mkekani, umemtoa mchezoni. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayefika nyumbani angepaswa kwanza kuuliza watoto wa nyumba hiyo hukaa wapi, ndipo atoe ushauri wa mkao. Mto mgumu wa kuegemea ukutani unaweza kufanya kazi ambayo kiti cha gharama kinashindwa.

Choo nakiweka juu ya vyote, ingawa warsha nyingi hukipitia haraka. Choo cha shimo cha kuchuchumaa kinamtaka mtu ajishikilie kwa miguu na mapaja, na mtoto mwenye misuli iliyokaza hawezi. Kwa hiyo anashikwa na mama, kila mara. Shuleni hakuna mama. Kinachofuata walimu wanakijua na wazazi wanakijua: mtoto anaacha kunywa maji tangu asubuhi ili asihitaji kwenda, anapata choo kigumu na maumivu ya mkojo, na siku atakayojichafua mbele ya darasa ndiyo siku ya mwisho ya shule. Hakusimamishwa na mtu. Ameondoka mwenyewe kwa aibu. Kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu, bomba la kushikilia ukutani, mlango mpana kiasi cha watu wawili kuingia pamoja, na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake inajulikana: vitu hivyo havifiki bei ya nusu ya darasa jipya.

Tanzania ilianza kutoa elimu ya msingi na ya sekondari hadi kidato cha nne bila ada mwaka 2016, na ina Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi. Hizo ni hatua za kweli. Lakini ada haikuwa kizuizi kikuu cha mtoto huyu, na msaidizi wa darasani hayumo kwenye ikama ya shule nyingi. Mara kwa mara mzazi huambiwa kwa upole, "Mama, tungempokea, ila hatuna mtu wa kumwangalia." Mwingine huambiwa abaki shuleni yeye mwenyewe kutwa nzima, na genge lake la nyanya nani amlindie? Wanaobahatika hupata shule za bweni zenye mazingira yaliyotayarishwa, kama Matumaini ya Jeshi la Wokovu jijini Dar es Salaam au Joytown ya Thika, Kenya. Huko mtoto anapata choo anachokiweza, marafiki, na walimu wasioshtuka. Gharama yake ni mtaa. Akirudi likizo, watoto wa nyumba ya tatu hawamjui, na mchezo umekwisha kupangwa bila yeye. Sizilaumu shule hizo hata kidogo, maana zimeokoa maisha ya wengi. Ninachosema ni kwamba haziwezi kuwa kisingizio cha kuiacha shule ya kata ilivyo.

Hata pale mtoto anapoandikishwa karibu na kwao, kuna udanganyifu mwingine wa kuangaliwa. Mtafiti wa Australia Christine Imms na wenzake wanatenganisha kuhudhuria na kuhusika: kuwa mahali, na kuwa ndani ya jambo linalofanyika hapo. Daftari la mahudhurio huandika la kwanza tu. La pili hutokea wakati wa mapumziko, pale wengine wanapokimbilia rede na kombolela na yeye akabaki darasani na mifuko ya wenzake, akiitwa "mlinzi". Mwalimu anadhani amempa kazi ya heshima. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unataja katika kifungu cha 30 haki ya watoto hawa kushiriki michezo na burudani sawa na wengine, zikiwemo za shuleni. Mchezo wa bocha, uliomo katika Michezo ya Paralimpiki tangu 1984, ulianzishwa kwa ajili ya watu wenye mtindio wa ubongo: unarusha, unabingirisha au unasukuma mpira kupitia mfereji ili ukaribie mpira mweupe. Soksi zilizojazwa mchanga na kipande cha bomba la maji vinatosha kuuanzisha kwenye kiwanja chochote cha shule, na watoto wasio na ulemavu huupenda kwa sababu unahitaji shabaha.

Kuhusu usafiri sitasema mengi, kwani kila abiria wa daladala anaujua. Konda anahesabu kiti mwendo kuwa nafasi ya watu wawili, na mama hulazimika kulipa au kushuka. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016 yalileta kitu ambacho wengi hawakukizingatia: sakafu ya basi ikawa sawa na jukwaa la kituo, kiti kikaingia bila kuinuliwa. Huo ni uthibitisho kwamba tukitaka kubuni vizuri tunaweza. Ila kati ya mlango wa nyumba na kituo kuna ule mtaro na ule mchanga, na ndani ya basi saa moja asubuhi hapapiti hata mguu.

Kizuizi ninachokiona kizito kuliko vyote vya saruji ni kimya tunachompa mtoto asiyesema. Takwimu za nchi zenye kumbukumbu nzuri zinaonyesha kwamba takriban mmoja kati ya wanne wenye hali hii hawezi kuongea, huku karibu nusu wakiwa na akili isiyo na upungufu wowote. Watu wengi hukosea katikati ya taarifa hizo mbili. Misuli ya ulimi na midomo imekaza, mate yanatoka, uso unajikunja anapojitahidi kutoa neno, na anayemtazama anahitimisha kwamba haelewi. Anasemewa juu ya kichwa chake: "Huyu anakula nini?" Anasikia. Familia zilizojifunza humpa njia nyingine: kutazama juu kwa ndiyo, kufumba macho kwa hapana, ubao wa picha za maji, choo, maumivu, nje, bibi. Mtoto mwenye njia hata moja ya kusema hapana anabadilika nyumbani na shuleni, kwa kuwa ameanza kuwa na matakwa yanayojulikana. Ubao wa picha unaandaliwa kwa kalamu na karatasi ngumu jioni moja. Kinachochukua muda ni kumfundisha jirani, mwalimu, muuza duka na binamu wasubiri sekunde kumi kabla ya kumjibia.

Macho ya watu nayo yana historia yake. Katika maeneo mengi ya pwani na bara bado husemwa kwamba mtoto wa namna hii ametupiwa kitu, ana pepo, au analipa kosa la mama yake la wakati wa mimba. Utafiti uliofanywa Kilifi na wataalamu wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na washirika wao umeziandika imani hizo kwa makini, pamoja na maelezo ya kitabibu ambayo watu haohao wanayo. Mtu anaweza kuamini vyote viwili kwa pamoja na bado akampenda mtoto. Madhara huja pale imani inapogeuka mpangilio wa nyumba: mama mkwe anapomnyooshea mkaza mwana kidole, baba anapoondoka, wageni wa arusi wanapokuja na mtoto akahamishiwa chumba cha nyuma. Chakula ndiyo mizani yangu. Mtoto anayemwaga udenda haketishwi kwenye sinia na wengine, kwa hofu kwamba mate yanaambukiza. Hayaambukizi mtindio wa ubongo hata kidogo. Analishwa peke yake, baada ya watu, kwa saa nzima, na hivyo anakosa mahali ambapo watoto wetu wote hujifunza utani, adabu na habari za mtaa. Sahani yake ndogo kando ya sinia, mtu wa kumlisha akiwa ameketi hapo hapo, ingemrudisha.

Serikali zimetoa msaada kwa namna mbalimbali. Kenya hulipa kaya zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia Inua Jamii. Fedha hiyo inanunua unga na nepi chache. Hainunui saa tatu za mikono ya mtu mwingine, na saa hizo ndizo mama anazozihitaji ili afanye kazi, alale, au amtoe nje mtoto badala ya kumlaza. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, inayotaka majengo na huduma zifikike. Majengo mapya ya umma yameanza kuwa na miteremko, mingine mikali kiasi kwamba hakuna mama anayeweza kupandisha kiti. Hakuna mkaguzi aliyepewa kiti mwendo na mtoto wa kilo 25 akaambiwa apande.

Kazi iliyonipa matumaini zaidi imetoka kwa wazazi wenyewe. Mwongozo wa mafunzo unaotokana na mpango wa Hambisela huko Eastern Cape, Afrika Kusini, na ulioendelezwa baadaye Bangladesh, huwakutanisha walezi mara moja kwa mwezi kujifunza kubeba bila kuumia, kulisha, kuwasiliana na kucheza. Umetumika Ghana na Uganda. Akina mama wanapoketi pamoja hugundua kwamba mwenzao naye ana mtoto wa namna hiyo nyumba ya nne, na kwa muda wote walikuwa wakifichana. Wakishafahamiana hupokezana kulea, na yule kijana wa kushika ubao wa mlangoni hupatikana.

Lakini mfuniko wa mtaro na choo cha shule huamuliwa kwingine. Katika vijiji vya Tanzania huamuliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, unaotakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu, ambako mwenyekiti husoma mapato na matumizi na watu hupendekeza pa kuanzia. Mama wa mtoto huyu hayupo pale, kwa sababu hana wa kumwachia, na uwanja wa mkutano haufikiki kwa kiti. Mfuniko wa mtaro haupendekezwi na mtu. Mwenyekiti anayetaka kubadilisha hilo anaweza, kabla ya kikao kijacho, kutuma mtu akamshikie mtoto au akamsaidie mama kumleta, kisha akampa nafasi ya kuzungumza kabla ya ajenda ya barabara.